Shule zimefungwa, mchele mpya umeingia: jinsi ya kupanga likizo ya Juni ukiwa kazini Mbeya

Kwetu Mbeya likizo ya katikati ya mwaka inamkuta mfanyabiashara pabaya. Shule hufungwa mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa mapema Julai. Wakati huohuo mpunga wa Kyela na wa bonde la Usangu umeshavunwa, mashine za kukoboa hazizimwi, magunia yanashushwa sokoni tangu alfajiri na wanunuzi wa jumla wanakuja na fedha mkononi. Mwezi ambao watoto wako nyumbani kutwa ndio mwezi unaotafutiwa ada ya Januari. Na juu ya hayo ni kipupwe, maji ya bomba asubuhi yanauma vidole.

Nauza mchele na maharage. Baba watoto ni dereva wa malori, siku nyingi yuko njiani kati ya Tunduma na Dar es Salaam. Tuna watoto watatu: binti wa miaka 11, mvulana wa miaka 8 na mdogo wao wa miaka 4. Juni ya mwaka juzi nilimwachia binti yangu wadogo zake kuanzia asubuhi hadi jioni. Alikuwa na miaka 9. Kila mtu alimsifu kwamba ni mtoto mwelewa, nami nikaamini kwamba uelewa unatosha. Siku ya tisa usingizi ulimchukua mchana, mdogo akasukuma geti akatembea hadi barabara ya lami. Dereva wa bajaji anayetufahamu alimwona akamrudisha. Niliporudi jioni nilimkuta binti yangu kwenye kizingiti, analia na kuniomba msamaha. Mimi ndiye niliyepaswa kumwomba yeye, na nilimwomba. Tangu siku hiyo likizo naipanga kwa daftari, kwa utaratibu huu.

Hatua ya 1: Chora saa za siku moja

Wengi tunajiuliza, "Mwezi mzima watoto nitawaacha na nani?" Swali hilo ni zito mno, na mtu akizidiwa huokota jibu lililo karibu, yaani mtoto mkubwa. Afadhali uanze na siku moja tu. Chukua daftari, andika saa kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 usiku, mstari mmoja kwa kila saa. Mbele ya kila saa andika ni mtu mzima gani yuko nyumbani na ana nafasi kweli. Anayelala baada ya zamu ya usiku usimhesabu. Anayepika vya biashara usimhesabu. Bibi asiyeweza kumkimbilia mtoto wa miaka 4 mhesabu kwa wakubwa, usimhesabu kwa mdogo.

Nilipochora siku yangu niliona jambo ambalo sikuwa nimelitambua kwa miaka yote. Soko linanihitaji sana kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 5, wakati wa wanunuzi wa jumla, na tena kuanzia saa 10 jioni hadi saa 12 na nusu, watu wanapopita kununua kilo moja moja wakitoka kazini. Katikati pamepoa, naweza kurudi nyumbani, au watoto wanaweza kuja kizimbani kwangu. Kwa hiyo tatizo langu la mwezi mzima lilikuwa saa 6 na nusu kwa siku, tena zimegawanyika mara mbili. Saa 6 na nusu zinapatiwa watu. Kutwa nzima haipatiwi mtu.

Ukiwa mwajiriwa wa ofisini pengo lako litakuwa na sura nyingine, kwa mfano saa 1 na nusu asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri mfululizo, na safari ya daladala kutoka Uyole au Mbalizi inaongeza saa nzima. Muuguzi pengo lake ni usiku. Mkulima wa viazi kule Isongole pengo lake ni siku za kuchimba na kupakia tu. Kila mtu achore lake, usinakili la jirani.

Ukimaliza kuchora, andika mahitaji ya kila mtoto pembeni. Mwanangu mdogo anahitaji macho ya mtu mzima muda wote. Wa miaka 8 anahitaji kazi ya kufanya na mtu mzima wa kuitika akiita. Wa miaka 11 anahitaji kujua niko wapi na narudi saa ngapi. Hayo ni mahitaji matatu tofauti, na si lazima mtu mmoja ayabebe yote.

Hatua ya 2: Zungumza na watu mwezi Mei

Likizo ikishaanza kila mama mtaani anatafuta msaada uleule. Anza Mei. Nenda kwa miguu, usipige simu kwa jambo hili kama mtu yuko jirani.

Kuna kundi moja ambalo wengi hulisahau: vijana waliomaliza kidato cha nne Novemba wakachaguliwa kuendelea. Kidato cha tano huanza mapema Julai kwa kawaida, hivyo Juni wengi bado wako nyumbani, na nauli ya kwenda shule pamoja na godoro havijakamilika. Mpwa wangu alikaa na wanangu wiki tatu kwa makubaliano kwamba nitamnunulia godoro na ndoo za shule. Yeye alipata vifaa vyake bila kuomba, mimi nilipata mtu mwenye akili timamu nyumbani.

Dada wa kazi ni njia nyingine, ila usimlete mgeni siku ya kwanza ya likizo na kumwachia watoto siku ya pili. Aje wiki mbili kabla, mkae naye. Na asiwe mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na hata huyo wa miaka 14 au 15 ni mtoto anayepaswa kuwa shuleni. Kumlinda mwanao kwa kuvunja utoto wa mwana wa mwenzako ni jambo ninaloliona kila mwaka kwenye magari yanayotoka vijijini, na linaniumiza.

Kwa mdogo aliye chini ya miaka 5 ulizia kituo cha kulelea watoto mchana. Uliza kama kimesajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii wa halmashauri, kisha uende saa 6 mchana bila kuaga ukaone wanakula nini, wanalala wapi na choo kikoje. Kituo kinachokuzuia mlangoni kimeshakujibu.

Hatua ya 3: Ukimpeleka mtoto kwa bibi, muulize bibi kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyumba nyingi za mjini Mbeya zinategemea Tukuyu, Kyela, Ileje au Mbozi likizo ikifika. Mtoto anapakiwa kwenye Kosta na kifurushi chake, na bibi anapigiwa simu gari likiwa limeshapita Uyole. Bibi hatakataa kamwe. Kwa hiyo ni juu yako kuuliza kwa namna inayomwachia nafasi ya kusema alivyo.

Mwaka jana nilimpigia mama yangu aliyeko Tukuyu hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu. Mama, magoti mwaka huu yanasemaje?"

Akanyamaza kidogo. "Yanasema yamechoka. Lakini walete tu, nitafanyaje?"

"Basi naomba nikuletee hawa wakubwa wawili, kwa wiki mbili. Mdogo nitabaki naye."

"Mdogo unamnyima nini kwetu? Mlete."

"Mdogo anakimbia mama, na wewe unavuna. Atakuja Desemba tukija wote."

Akacheka, akasema, "Hapo umenisaidia." Neno hilo asingelisema kama nisingemuuliza magoti. Bibi naye yuko kazini mwezi Juni: kuna mahindi ya kuanika, maharage ya kupura, ndizi za kupeleka gulioni. Tukimtumia watoto watatu kwa mwezi tumempa kazi ya pili na tumeiita mapumziko ya wajukuu.

Tanguliza mahitaji kabla ya watoto: mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni ya kufulia, na fedha ya dharura kwenye simu ya bibi au ya jirani yake mwenye uelewa wa simu. Andika karatasi moja yenye namba zako, dawa anazotumia mtoto na kitu kinachomdhuru. Fungasha sweta mbili kwa anayekwenda Tukuyu. Manyunyu na ukungu kule havingoji msimu.

Kwa anayekwenda Kyela fikiria malaria kabla ya kufikiria nguo. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, baridi yetu inawabana mbu, na mtoto aliyekulia hapa hana kinga ya mwili ya kutosha ya malaria. Kyela ni tambarare yenye joto kando ya Ziwa Nyasa, mbu wapo. Mpe chandarua chake chenye dawa aende nacho, usitegemee kwamba atapata nafasi kwenye cha binamu zake. Mwambie shangazi au bibi kwamba homa yoyote ni ya kupimwa zahanati siku hiyohiyo, na homa ikitokea hata wiki mbili baada ya kurudi mjini, mweleze mhudumu kwamba mtoto alikuwa Kyela. Mhudumu wa Mbeya akimwona mtoto anakohoa wakati wa baridi anaweza kufikiria mafua tu. Ziwani na mtoni waende na mtu mzima anayejua kuogelea. Matema ni pazuri mno, na maji yake hayatofautishi mtoto wa mjini na wa pale.

Nao watoto waandae. Wafundishe kuamkia kwa Kinyakyusa kabla hawajafika. Mwanangu wa miaka 8 alishuka kwenye gari akasema "Ugonile, bibi", na ugeni wote ukaisha palepale.

Hatua ya 4: Zamu za majirani, kwa masharti yanayosemwa

Wiki mbili zilizobaki tunashirikiana mama watatu wa mtaa mmoja. Mmoja ni fundi cherehani anayeshonea nyumbani, mwingine ni mwalimu wa msingi ambaye naye yuko likizo. Mwanzoni tulipeana watoto kwa adabu tu, bila kusema kitu, na wiki ya kwanza fundi alikuwa na watoto saba kwa sababu "yeye yuko nyumbani". Alikuwa nyumbani akishona sare za Julai. Mteja wake mmoja alichukua kitambaa akaondoka. Tukakaa chini, tukaweka masharti:

- Watoto wasizidi watano kwa mtu mzima mmoja, na walio chini ya miaka 5 wasizidi wawili.
- Mtoto anakuja na chakula chake au unga wa uji wake, na nguo ya kubadilisha.
- Saa ya kumchukua haisogezwi bila simu. Ukichelewa mara mbili unatoa zamu ya ziada.
- Anayelea kwenye saa zake za kazi analipwa. Mimi nalipa kwa mchele, kilo mbili kwa kila zamu ya asubuhi, mwalimu analipa kwa kuwasomesha wote hesabu saa moja na nusu.

Kisha lipo swali ambalo linatuwia gumu kuuliza kwa sababu tunaogopa kumvunjia mtu heshima: nani mwingine anashinda katika nyumba hiyo? Uliza. Kaka wa mume aliyekuja kutafuta kazi, mpangaji wa chumba cha uani, fundi anayejenga choo. Mama mwenzako mwenye busara hatakasirika, maana naye atakuuliza wewe. Waambie watoto kwa maneno ya wazi sehemu za mwili ambazo hakuna wa kuzigusa, na kwamba siri ya mtu mzima inayowatisha waje nayo kwako hata kama waliapishwa. Jioni usiulize tu "Mmeshindaje?" Muulize alicheza na nani, nani alimnawisha, alikaa chumba gani. Ukisikia jambo lisilokaa sawa, namba 116 ni ya simu ya msaada kwa mtoto, haina malipo, na dawati la jinsia na watoto la polisi lipo.

Hatua ya 5: Mtoto mkubwa ana kikomo

Binti yangu sasa ana miaka 11. Namwachia wadogo kwa saa moja, mtu mzima akiwa umbali wa kuitwa, basi. Hapiki wakati huo. Chai iko kwenye chupa, viazi vimechemshwa, maparachichi yapo kwenye ungo. Saa hiyo ikiisha yuko huru: aende kuruka kamba, asome, alale. Kaka yake wa miaka 8 anaosha vyombo kwa zamu sawa na dada yake. Ukiona ndani ya nyumba likizo ya mvulana ni mpira na likizo ya msichana ni beseni la vyombo, rekebisha wiki ya kwanza, maana ya pili watakuwa wamezoea.

Hatua ya 6: Moto, maji na baridi

Hatua hii usiiruke hata kama umeruka nyingine zote.

Juni na Julai nyumba nyingi za nyanda za juu, Mbeya, Iringa, Njombe na hasa Makete, huingiza jiko la mkaa ndani kutafuta joto. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na mkaa unaweza kuonekana mwekundu safi usio na moshi huku ukiendelea kuitoa. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi, na anaweza asiamke. Watoto walioachwa peke yao wakisikia baridi watafanya walichokuona ukifanya: wataingiza jiko na kufunga mlango. Kwa hiyo kwanza acha wewe. Wapashe joto kwa soksi, sweta, blanketi na uji wa moto, na waote jua la saa 4 nje ukutani. Ukimkuta mtu amelegea chumbani kwenye jiko, fungua milango yote, mtoe nje kwenye hewa, kisha umwahishe hospitali hata akisema amepata nafuu.

Jiko la gesi: funga kwenye mtungi kabisa kabla hujatoka, kiberiti uende nacho. Ndoo na mabeseni yamwagwe maji au yafunikwe mfuniko unaobana. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuzama kwenye ndoo ya lita 20 akiangukia kichwa. Dawa ya panya, mafuta ya taa na dawa za kuhifadhia mahindi zisikae kwenye chupa za soda wala juu ya kabati la vyombo. Sisi wauza nafaka ndio wenye hatari hii kuliko wote, kwa sababu vidonge vya kuua wadudu wa ghalani tunavyo. Gunia lenye vidonge lisilale chumba kimoja na mtu.

Hatua ya 7: Ukienda nao sokoni

Mwanangu mdogo huja nami siku mbili kwa wiki, kuanzia saa 5 hadi saa 9. Kabla ya hapo simleti, kwa sababu magari yanarudi nyuma kupakua na mikokoteni inashuka na kasi. Nimemtandikia maboksi nyuma ya magunia, upande usiopitwa na watu. Kwenye kiuno cha suruali yake nimeshona kitambaa chenye namba yangu ya simu. Nimemfundisha kwamba akipotea asimame palepale na kutaja jina langu la sokoni, ambalo kila mwenye kizimba analijua, si jina la kwenye kitambulisho. Wakubwa wakija wanapimisha kilo na kuandika mauzo daftarini; mvulana hesabu zake za kugawanya zimenyooka kwa njia hiyo kuliko kwa tuisheni. Ila gunia hawabebi, na hawakai hadi giza.

Hatua ya 8: Kama umeajiriwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku zisizopungua 28 zenye malipo. Omba mapema, kwa maandishi, ukitaja tarehe za shule, na kama mpo wenzi wawili wenye ajira msichukue pamoja: mmoja achukue nusu ya kwanza ya Juni, mwingine nusu ya pili. Sheria hiyohiyo inatoa siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa mzunguko mmoja wa likizo (kwa siku hizi ni miezi 36), ambazo zinahusu pia ugonjwa wa mtoto wako. Hizo zitunze, usizitaje kama siku za kulea. Mtoto akiumwa utazihitaji. Akina baba, kifungu hicho ni chenu pia.

Hatua ya 9: Wiki ya mwisho

Warudishe kutoka kijijini Jumatano au Alhamisi. Ijumaa hadi Jumapili ya mwisho Kosta zinajaa, watoto wanapakatwa, na nauli inabishaniwa. Watakaporudi wakague kucha, vichwa na miguu, kisha walale saa 2 na nusu usiku kama siku za shule, siku nne mfululizo. Sare zijaribiwe mapema, kwa sababu wiki mbili za ndizi na maziwa ya bibi zinarefusha mtoto.

Jumapili moja ya likizo ifungie kizimba, hata kama bei ni nzuri. Sisi tulikwenda Mbozi kuona Kimondo, jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani lenye uzito wa takriban tani 12. Wa Iringa mna Isimila, penye zana za mawe za kale, na makumbusho ya Mkwawa pale Kalenga. Mwanangu mdogo aliliwekea sikio jiwe lile, akasema limelala.

Kabla daftari halijafungwa, kaeni na watoto uwaulize ni saa zipi zilikuwa mbaya kwao. Binti yangu alinijibu kwamba ni saa 12 jioni, giza linakaribia na mimi bado sijafika. Nilikuwa sijaiwekea alama kabisa, kwa kuwa mwalimu alikuwa nao. Mwaka huu kizimba nakifunga saa 11 na nusu, na kilo chache zinazobaki naziuza kesho yake. Ukurasa unaofuata umeshaandikwa "Desemba": mvua, wa kidato cha nne wamemaliza, mpigie shangazi wa Ileje kuhusu binti yake kabla ya Novemba.